Siku Niliyomsomea Bibi Kitabu cha Ubatizo

Mwezi uliopita nilifungua kabati la karatasi za zamani katika shule ninayofundisha, na harufu iliyotoka humo ikanikamata kabla sijagusa kitu. Ilikuwa harufu ya karatasi zilizokaa miaka na unyevu wa mvua, ya gundi iliyochacha, ya panya, niseme ukweli, na kwa mbali utamu kidogo kama wa nta ya mshumaa. Wenzangu waliziba pua. Mimi nilibaki nimesimama pale nikiivuta, kwa sababu niliwahi kukutana nayo mara moja tu utotoni, katika chumba kidogo nyuma ya kanisa, siku ambayo Bibi aliniambia nisome.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikaa Carama, kaskazini mwa Bujumbura, mahali ambapo nyumba za matofali zilikuwa zinaishia na mashamba yanaanza, kiasi kwamba usiku wa mvua vyura walitushinda kelele. Nyumbani tulikuwa watano: baba, mama, mimi, Bibi aliyemzaa baba, na Shangazi Espe, kitinda mimba wa Bibi. Bibi alikuwa anaitwa Fransiska. Hakuwahi kuingia darasani hata siku moja, lakini sala alizijua zote kwa kichwa, hata zile ndefu za Ijumaa Kuu, na padre akiruka neno, Bibi alikohoa. Mapadre vijana walikiogopa sana kile kikohozi.

Shangazi Espe alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa barazani na ndiyo iliyokuwa saa yetu: ikianza kulia, ujue kumekucha, ikinyamaza, chakula kiko tayari. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, na kwa majirani zetu mwanamke wa umri huo asiyeolewa alikuwa mazungumzo. "We Espe, tutakula lini?" walimwuliza wakipita, naye alicheka na kuendelea kukanyaga cherehani. Kisha akaja Deo, fundi wa magari kutoka Ruziba, kule kusini kando ya ziwa. Alikuja kurekebishiwa ovaroli. Wiki iliyofuata akarudi, eti mfuko umechanika. Akarudi tena, kifungo kimetoka. Baba alisema ovaroli ile sasa ina vifungo vingi kuliko kanzu ya askofu. Mwaka haukuisha, watu wazima wakaanza kutafuta siku ya posa.

Familia ya Deo ilikuja Jumamosi mchana. Mama alikuwa amepika tangu alfajiri. Mtungi wa bia ya mtama uliwekwa katikati, mirija ikasimamishwa ndani yake, na wazee wakakaa kuuzunguka. Kwetu posa ni maneno: kila upande una msemaji wake, na wasemaji hao wanazunguka mbuyu mpaka sisi watoto tunasinzia. Msemaji wao, mzee mwembamba mwenye sauti nzuri, alisimama kueleza mtoto wao ni nani.

"Huyu Deo mama yake ndiye huyu hapa," alisema, akimwonyesha mwanamke mnene mwenye uso mpole. "Na mama ya mama yake ni marehemu Kolomba wa Ruziba, mutoto wa Barankiriza. Mutu asiyemujua Kolomba, hajafika Ruziba!"

Watu walicheka. Bibi alikuwa ameinama kwenye mrija. Niliona ameacha kunywa, ila mrija bado uko mdomoni. Kisha akauinua uso.

"Huyo Kolomba," aliuliza, "alikuwa na dada?"

"Alikuwa naye, Mama. Anastazia. Alihama zamani sana, hakurudi tena."

"Anastazia ni mama yangu," Bibi akasema.

Sikuelewa kwa nini watu wote walinyamaza kwa pamoja. Mama alinieleza jikoni kwa kunong'ona, huku akifunika masufuria. Watoto wa dada wawili ni ndugu wa tumbo moja, ndivyo wazee wetu wanavyohesabu. Kwa hiyo Bibi na yule mama mnene walikuwa dada, na Shangazi Espe na Deo walikuwa kaka na dada. Na kaka hamwoi dada yake. Wageni waliaga kwa adabu bila kugusa chakula. Sisi tulikula wali wa posa siku tatu mfululizo, na hadi leo wali wa nazi wenye njegere unanitia huzuni.

Huenda mnajiuliza Bibi aliwezaje kutowajua ndugu zake. Mama yake, huyo Anastazia, alimlea peke yake huko Kinama, akifua nguo za watu, akafa wakati Bibi ana miaka kama kumi na minne. Alimwachia majina mawili tu: Kolomba dada yake, na Barankiriza baba yake. Hakumpeleka Ruziba hata kwa matembezi, ingawa ni safari ya nusu siku kwa miguu. Bibi alipomwuliza kwa nini hawana watu, alijibiwa, "Watu wangu ni we." Bibi alizoea kunisimulia hilo akitabasamu, kama mtu anayekuonyesha bangili.

Baada ya siku ile cherehani ilinyamaza. Gauni la harusi, satini nyeupe isiyo na mikono bado, lilifunikwa shuka na kusukumwa pembeni. Shangazi hakulia mbele yetu. Alifagia tu. Alifagia uwanja asubuhi, mchana na jioni, mpaka udongo ukang'aa. Deo alikuja mara mbili akasimama getini bila kuingia, kofia mkononi, akarudi. Baba alimwendea padre, na padre akasema sheria ya kanisa haikatazi udugu wa mbali kiasi kile. Lakini Bibi alisema padre yule ni mtoto, na wazee wa Ruziba, ambao walikuwa wamekutana naye mara moja tu, walikubaliana naye juu ya hilo.

Hata hivyo Bibi mwenyewe ndiye aliyeanza kutafuta mlango. Jioni moja, akichagua maharage, alisema kana kwamba anajisemea, "Anastazia wako wengi. Hata Barankiriza wako wengi." Mama Deo alikuwa ametuma habari kwamba parokia ya zamani ya upande wao bado inatunza vitabu vya ubatizo tangu wakati wa wamisionari. Bibi aliamini ndiko alikobatizwa yeye pia, kwa kuwa mama yake aliwahi kuitaja. "Karatasi haina haya," alisema. "Twende tuiulize."

Baba alikuwa na kazi ofisini. Shangazi alisema hawezi, miguu haitamfikisha. Kwa hiyo Bibi akanichagua mimi, kwa sababu vitabu vile viliandikwa kwa Kifaransa na mimi nilikuwa wa kwanza darasani kwa Kifaransa. Nilivimba kichwa. Nilivaa soksi nyeupe na nikabeba kalamu mbili, moja ya akiba.

Mtunza vitabu alikuwa katekista mzee aliyeitwa Mwalimu Gaspari. Miwani yake ilifungwa kwa uzi nyuma ya kichwa, na aliongea polepole kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja, meza moja, na kabati alilolifungua kwa funguo tatu. Ndipo ile harufu ikatoka. Vitabu vilikuwa vikubwa kama trei za mkate, jalada jeusi limebanduka pembeni. Alifuta kimoja kwa kitambaa, akalamba kidole, akaanza kushuka na majina.

Upepo wa ziwani uliingia na harufu ya ndagala, dagaa wa kwetu, walioanikwa. Bibi alikaa kwenye benchi, mkoba mapajani, rozari ndani ya mkoba. Nilisikia punje zikigongana.

Mwalimu alimpata Kolomba kwanza. Kisha, kurasa chache nyuma, Anastazia. Baba mmoja, Barankiriza, mama mmoja. Mwalimu alitusomea yote mawili, akaangalia chini.

"Ni dada, Mama," alisema. "Hapa hakuna shaka."

Bibi aliitikia kwa kichwa. Alianza kufunga mkoba. Nadhani tungeondoka wakati ule ule, na hadithi hii ingekuwa fupi, kama Mwalimu asingeuliza, kwa huruma tu, ili asituache tuende mikono mitupu: "Na wewe mwenyewe, Mama, ulibatizwa hapa? Nikutafute?"

Kitabu kingine. Kidole kingine. Alichukua muda mrefu, maana Fransiska walikuwa wengi mno mwaka ule, kama vile jina lilikuwa linagawiwa bure. Mwishowe kidole kikasimama. Alisoma kimya. Akasoma tena. Akavua miwani, jambo ambalo kwa ule uzi halikuwa rahisi, akaishika mkononi.

"Mama," alisema, "kwa hii ndoa hakuna kizuizi. Nitawaandikia barua, nitapiga muhuri. Ile ingine tuiache."

"Ingine gani?"

Mwalimu Gaspari alisogeza kiganja chake juu ya ukurasa, taratibu, kama mtu anayefunika chakula nzi wasikiguse.

"Mwalimu," Bibi alisema, "mi nimetoka Carama na mutoto. Ondoa mukono." Kisha akanigeukia. "Belise. We soma."

Basi nikasimama karibu na meza. Wino ulikuwa wa kahawia, mwandiko umelala upande kama nyasi baada ya mvua, lakini niliuweza. Nilisoma kwa ile sauti tuliyofundishwa shuleni, kidevu juu: "*Père inconnu. Mère inconnue. Enfant trouvée.*" Na kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi mzuri, nikatafsiri bila kuombwa. "Baba hajulikani. Mama hajulikani. Mtoto ameokotwa."

Nilirudia akilini mwangu, na maana ikanifikia kama zawadi. Niliruka. Niliruka kweli, soksi nyeupe na yote.

"Bibi! Kumbe Anastazia si mama yako! Kumbe Deo si ndugu! Harusi iko!"

Mwalimu Gaspari alisema "Mutoto, mutoto," kwa sauti ya chini, lakini Bibi alimnyamazisha kwa mkono. Aliuweka mkono huo huo juu ya kichwa changu. Ulikuwa mzito, na ulikaa pale muda mrefu kuliko kawaida.

"Umesoma muzuri," aliniambia. Kisha akauliza, "Na nani alinileta? Hapo wameandika?"

Nilitafuta. Mwishoni mwa mstari kulikuwa na nafasi ya mama wa ubatizo. "Wameandika Anastazia, Bibi."

"Nionyeshe iko wapi."

Nilikishika kidole chake cha shahada nikakiweka juu ya neno. Alikiacha hapo. Hakusoma, asingeweza kusoma. Alikiacha tu, mpaka Mwalimu alipomaliza kuandika barua na kupiga muhuri. Tulipotoka, Bibi aliomba bomba, akanawa uso mara tatu, akasema jua ni kali. Lilikuwa limejificha mawinguni. Mimi nilikuwa nakimbia mbele yake.

Nyumbani nilifika getini kabla yake na kuzitangaza habari kwa mtaa mzima. Shangazi Espe aliangusha ufagio. Alipiga vigelegele viwili, vikali, vya mwezi mzima uliofungiwa kifuani, na cha tatu kikamkwama, maana alikuwa amemwona mama yake akiingia na kuona uso wake. Alisoma barua. Yeye alielewa mara moja kile ambacho mimi sikukielewa. Aliikunja ile barua, akasema, "Mama, apana. Siolewi kwa bei hii."

"Piga vigelegele, mwanangu," Bibi alisema. "Majirani wanasubiri."

Jumapili iliyofuata Mama Deo alikuja peke yake, na kapu la mikeke, samaki wa ziwani, wabichi. Alikaa jikoni na Bibi, mlango wazi, mimi nikijifanya napepeta mchele.

"Sisi tuliambiwa alizaa inje," Mama Deo alisema. "Ruziba yote ilisema hivyo. Kumbe alikuta mutoto asubuhi, njia ya sokoni, kwenye kitenge. Baba yake akamuambia, peleka huyo mutoto kwa masista, au toka. Hakuna mwanaume ataoa we na hiyo. Mama yangu Kolomba alikuwa analilia ile siku mpaka uzee. Alikuwa anasema, 'Dada yangu alitoka na mutoto mugongoni na sufuria moja. Hakuangalia nyuma.'"

"Mbona hamukusema siku ya posa?"

"Ningesemaje, Mama? Mbele ya watu? Na mi nilijua ni mutoto wake, alizaa tu bila bwana. Huu ukweli wa kuokotwa, mama yangu alikuwa anausema, tukafikiri anamufichia dada yake aibu." Kisha akasema polepole, "Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana."

Ndipo Bibi alilia. Sikuwahi kumwona akilia. Mama Deo alimshika mabega, na samaki wakasahauliwa kwenye kapu mpaka paka wa jirani akawakumbuka.

Wazee wa Ruziba walikubali barua. Lakini walikuwa na sharti moja, nao walilileta kwa heshima: jambo hili lisemwe hadharani siku ya harusi, mbele ya pande zote mbili, ili baadaye mtu asije akawaambia watoto wa Espe kwamba wazazi wao ni ndugu. Baba alikasirika mpaka sauti ikakatika. Alisema mama yake hatasimamishwa mbele ya watu mia mbili aitwe mtoto wa barabarani. Shangazi alisema afadhali abaki na cherehani yake. Bibi aliwasikiliza wote wawili hadi mwisho.

"Mi nitasimama," alisema. "Nyinyi mutapanga viti."

Na alisimama. Naikumbuka harusi ile vizuri, ila ninachokumbuka ni vitu vya mtoto. Nakumbuka keki ya ghorofa tatu, na kwamba nilipata soda ya machungwa na ya nanasi. Nakumbuka mikono ya gauni, aliyoishona Shangazi kwa siku mbili bila kulala. Nakumbuka msemaji yule yule mwembamba alipochukua kipaza sauti, na Bibi alipoinuka katika mvutano wake wa kijani, vazi letu la sherehe la kujitanda, amenyooka, mikono imeshikana mbele.

"Huyu mama yetu Fransiska," mzee alisema, "wazazi wake hawajulikani. Aliokotwa. Alilelewa na Anastazia wa Barankiriza. Si damu yetu, na mutoto wake si damu yetu. Mutu asiseme kesho hakusikia." Sauti yake nzuri ikalegea. "Lakini wahenga walisema, udugu ni kufaana, si kufanana. Mama, kaa kwetu."

Watu walipiga makofi. Mtoto wa meza ya pili aliuliza kwa sauti, "Kuokotwa ni nini?" na mama yake akamfinya. Bibi hakuketi mara moja. Aliangalia upande wa Ruziba, meza hadi meza, kama mtu anayetafuta sura anayoifahamu. Halafu akakaa, na mimi nikaenda kuulizia keki.

Miaka tisa baadaye, nikiwa chuo kikuu, nilianza kuirudia siku ile ya kitabu na kuona haya. Niliona ninavyoruka. Nilijisikia nikisema maneno yale, kwa furaha, mbele ya mwanamke aliyekuwa anampoteza mama yake kwa mara ya pili. Nilimwendea Bibi. Wakati huo magoti yalikuwa yamemshinda, akishinda kitandani karibu na dirisha, na watoto watatu wa Espe na Deo walikuwa wakikimbizana uwanjani.

"Bibi," nilimwambia, "Mwalimu alikupa nafasi usijue. Barua ingetosha. Kwa nini uliniambia nisome?"

"Espe angeuliza, barua imetoka wapi. Ningemudanganya mutoto wangu siku ya harusi yake?"

"Na kule kusimama mbele ya watu? Hukuumia?"

Nje mtoto mmoja alianguka, akalia, akaacha.

"Niliumia," alisema. "Lakini sikiliza, Belise. Mama yangu aliacha watu wake wote sababu yangu. Mi niliacha jina tu."

Alisema "mama yangu" kama alivyolisema siku zote, bila kusita. Hapo ndipo nilipogundua kwamba katika miaka yote ile tangu kitabu kile kisomwe, sikuwahi kumsikia akimwita Anastazia kwa namna nyingine. Mimi ndiye niliyekuwa nimedhani kwamba kitabu kilibadilisha kitu. Nilikuwa nimesoma kila neno la mstari ule, na nikalitafsiri sawasawa, lakini mwanamke asiyejua kusoma ndiye aliyeuliza lile swali moja ambalo lilistahili kuulizwa: nani alinileta.